Pundamilia Ana Milia, Kiboko Ana Maji

Mgeni anayetoka Mpanda kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi huonywa kabla hajavuka kijiji cha Sitalike: usivae nguo nyeusi wala za bluu. Ndorobo wanazifuata rangi hizo. Asiyesikia hujuta mapema, kwa kuwa ndorobo huuma hata juu ya kitambaa, dume kwa jike, na maumivu yake hayafanani na ya mbu. Mtu huyohuyo akitazama nje ya gari ataona pundamilia wametulia kwenye majani ya mbuga, ngozi yao nyembamba na damu yao tele, katikati ya nzi walewale. Watafiti waliopima damu iliyomo tumboni mwa ndorobo walionaswa sehemu mbalimbali za Afrika wamekuta mara kwa mara damu ya ngiri, ya nyati, ya pongo, ya tandala. Ya pundamilia huonekana kwa nadra, hata mahali ambapo pundamilia wamejaa.

Tim Caro, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyefanya utafiti Katavi kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, aliamua kulifuatilia jambo hilo hadi mwisho wake. Milia ya pundamilia ilishawagawa wakubwa wa sayansi tangu enzi za Charles Darwin na Alfred Russel Wallace. Wengine walidai inamficha asionwe na simba, wengine inampunguzia joto, wengine inawasaidia kutambuana. Caro na wenzake walikusanya taarifa za aina zote za farasi, punda na pundamilia wa porini, wakapima wingi wa milia kwenye uso, shingo, mgongo na miguu, kisha wakazilinganisha na ramani za wanyama wawindaji, za joto, za misitu na za nzi wanaouma. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2014. Ramani zilizolingana na milia ni za nzi: ndorobo na wale nzi wakubwa wanaoitwa pange. Baadhi ya majaribio ya Caro juu ya nzi na rangi yalifanyika hapahapa Katavi, kwa vitambaa na ngozi.

Miaka mitano baadaye kundi lake lilikwenda kwenye zizi moja la farasi Uingereza, ambako walikuwapo pia pundamilia wa kufugwa, likaweka kamera. Kilichoonekana kinastahili kutazamwa kwa makini. Pange walimzunguka pundamilia kwa wingi uleule waliomzunguka farasi. Tofauti ilikuja mwishoni kabisa. Anapomfikia farasi, pange hupunguza mwendo na kutua. Anapomfikia pundamilia hapunguzi: humgonga akadunda, au humpita akaenda zake. Farasi walipovalishwa makoti yenye milia, nzi walishindwa kutua kwenye koti, lakini kichwani, palipoachwa wazi, walitua kama kawaida. Namna hasa milia inavyolichanganya jicho la nzi bado wataalamu wanabishana. Kwamba inalichanganya, hilo halina ubishi tena.

Kwa nini pundamilia agharamie vazi kama hilo wakati nyamera na kongoni wanaolisha naye hawana? Sababu moja ni manyoya yake: ni mafupi kiasi kwamba mdomo wa nzi unayapenya bila shida. Nyingine ni ukoo wake. Jamii ya farasi ni dhaifu mbele ya maradhi yanayoletwa na wadudu wanaouma, ikiwamo nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na ndorobo. Historia ya Katavi ina ushahidi wake. Mizigo mingi ya misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ziwa Tanganyika ilibebwa vichwani mwa wapagazi, kwa kuwa farasi, punda na maksai mara nyingi walikufa njiani. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijaribu njia nyingine, akaleta tembo wanne wa kufugwa kutoka India ili wabebe mizigo hadi kituo chake cha Karema, kwenye ufuko wa ziwa, eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Ni mmoja tu aliyefika, naye hakuishi sana. Wakati wageni wakizika wanyama wao, pundamilia wa bonde la Rukwa walikuwa wakila majani kandokando ya njia. Na kusini mwa bara, kwenye baridi na nzi wachache, ndugu yao kwaga alikuwa na milia ya kichwani, shingoni na mabegani tu. Kwaga wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama Amsterdam mwaka 1883.

Nyati alipita njia nyingine. Ndorobo wanamnyonya kila siku, vimelea vya nagana vinaingia kwenye damu yake, naye anaendelea kunenepa. Uvumilivu huo ulinunuliwa kwa vifo. Ndama walioshindwa walikufa kabla ya kuzaa, walioweza wakaacha uzao, na hivyo hivyo kwa maelfu ya vizazi. Ndigana kali vilevile: kimelea chake kilikuwa cha nyati kabla ya kuwa cha ng'ombe, na nyati hukibeba kimyakimya huku kupe wakikihamisha kwa ndama wa mfugaji, ambao hufa ndani ya wiki chache. Ngiri naye hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, ilhali virusi hivyohivyo vikiingia kwenye banda la nguruwe havibakizi kitu. Ng'ombe wetu wa asili wana ustahimilivu wa kiasi. Wa Afrika Magharibi wa aina ya N'Dama, ambao wameishi na ndorobo kwa muda mrefu zaidi, wana mkubwa zaidi dhidi ya nagana. Anayedhani mnyama pori ni chanzo cha ugonjwa na ng'ombe ni mhanga tu, aanze kwa kuuliza nani alimkuta mwenzake hapa.

Upande wa pili wa vita hii haujalala. Kimelea cha nagana, tripanosoma, hujifunika koti la protini ambalo mwili wa mnyama hulitambua na kulitengenezea kingamwili. Kingamwili zinapofika, baadhi ya vimelea vimekwisha kuvaa koti jingine, kama mhalifu anayebadili shati kila polisi wanapokaribia. Vina akiba ya jeni zipatazo 2,000 za makoti hayo. Ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo ya nagana wala ya malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na jamii hiyohiyo ya vimelea.

Binadamu tumo humohumo. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1 ambayo hupasua tripanosoma wengi wa wanyama, na ndiyo maana watu wengi huumwa na ndorobo Katavi wakarudi nyumbani wazima. Aina moja ya kimelea hicho, ile inayoleta malale ya Afrika Mashariki, ilipata jeni ya kuizuia protini hiyo. Huko Afrika Magharibi baadhi ya watu wana APOL1 iliyobadilika kidogo, na moja ya aina hizo hupona hila ya kimelea, lakini gharama yake ni nzito: anayerithi nakala mbili za jeni hizo, kutoka kwa baba na kwa mama, yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya figo kufa. Nyani, wale tunaowafukuza mashambani, wana APOL1 ambayo kimelea kimeshindwa kuishika kabisa. Nikifikiri juu ya nyani anayeketi pembeni mwa barabara ya Sitalike akichambua ukwaju, namwona mshindi wa mashindano marefu ambayo sisi bado tunayakimbia.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kinga imo mwilini tu: ngozini, kwenye damu, kwenye jeni. Mimi sioni hivyo. Miili hii ilitengenezwa mahali fulani, penye umbali fulani kati ya mnyama na mnyama, kiasi fulani cha maji mwezi Oktoba, na majirani fulani. Mahali nako ni sehemu ya kinga. Ukibadilisha mahali kwa miaka thelathini, mwili uliochukua vizazi maelfu kujengeka haupati muda wa kukufuata.

Pigo kubwa lililowahi kuthibitisha hilo ni sotoka, tauni ya ng'ombe. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka nje, na kabla ya karne kwisha ilikuwa imefika kusini mwa Afrika. Hakuna mnyama wa huku aliyewahi kukutana nayo. Nyati, yuleyule asiyetikiswa na ndorobo wala kupe, alikufa kwa makundi, pamoja na ng'ombe na wafugaji waliowategemea. Ndorobo nao walipungua mwanzoni, maana wanyama waliokuwa wakiwanyonya walikuwa wamekwisha. Lakini watu walipoondoka, mashamba yakageuka vichaka, wanyama pori wakarudi haraka kuliko ng'ombe, na ndorobo wakafuata nyuma yao hadi maeneo ambayo hawakuwapo. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na jinsi ilivyotokomezwa ni somo ambalo nitalirudia: chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya, ilichomwa kwa ng'ombe, si kwa nyati. Ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ukakosa makao, nyumbu na nyati wa Serengeti wakaongezeka bila kuguswa na sindano.

Vichaka vilivyoota baada ya sotoka vilibadilisha sura ya magharibi yote ya nchi. Malale ilipozuka, serikali ya Waingereza kuanzia miaka ya 1920 iliwahamisha watu wa Unyamwezi na Ukonongo kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa. Nyuma yao pori lilibaki tupu. Wajerumani walikuwa wameshatenga hifadhi katika eneo la Katavi mwaka 1911. Mwaka 1974 ikawa hifadhi ya taifa, na baadaye ikapanuliwa hadi kilomita za mraba zipatazo 4,471. Watalii huambiwa kuwa hili ni pori ambalo halijaguswa. Liliguswa sana, na nzi ndiye aliyewaondoa watu. Kwa nusu karne ndorobo amelinda miombo ya Katavi kuliko askari yeyote mwenye bunduki.

Mlinzi huyo sasa anavukwa. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia bonde la Rukwa na Mpimbwe na makundi makubwa ya ng'ombe, wakifuata malisho ambayo kwao yamekwisha. Siwalaumu kwa kuhama. Mfugaji asiyehama kwenye ukame hupoteza mifugo yote. Wameweza kuishi kwenye nchi ya ndorobo kwa sababu ya dawa. Ingia duka lolote la dawa za mifugo Mpanda mjini utaona pakiti za unga wa njano wa diminazini, na isometamidiamu pembeni yake. Pakiti hupimwa kwa uzito wa ng'ombe. Porini hakuna mizani, pesa ni kidogo, na ng'ombe ni wengi, kwa hiyo pakiti ya ng'ombe mmoja mkubwa inayeyushwa kwenye maji mengi zaidi na kugawiwa kwa wawili au watatu. Wote wanapata nafuu. Vimelea vyepesi vinakufa, vigumu vinabaki, na ndorobo anayekuja jioni anavibeba vigumu hivyo kwenda kwa ng'ombe wa jirani. Hiyo nayo ni mageuko ya viumbe, yanatokea mbele ya macho yetu, kwa kasi ambayo nyati hakuwahi kuishuhudia. Usugu dhidi ya dawa hizo mbili umekwisha kuripotiwa katika nchi nyingi za Afrika, na dawa zenyewe ni za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Hakuna nyingine mpya iliyo dukani kwa bei ya mfugaji.

Lakini linaloniumiza zaidi ni maji. Mto Katuma unashuka kutoka vilima vya Mpanda, unapita kwenye mashamba ya mpunga, unaingia hifadhini, unalisha Ziwa Katavi na mbuga ya Katisunga, unapita Ikuu na kufika Ziwa Chada, kisha maji yake yanajiunga na Kavuu kuelekea Rukwa, ziwa lisilo na njia ya kutoka. Kila tone linalobaki juu kwenye tuta la mpunga ni tone lisilofika chini. Kwa miaka mingi sasa kiangazi kinapofika Septemba na Oktoba, mto wenyewe hukatika na kubaki madimbwi. Mamba huingia kwenye mapango ya kingo, wakalala wengi pamoja wakisubiri mvua. Viboko hawana pango. Husogea kwenye dimbwi la mwisho, mamia kwenye tope ambalo halifuniki hata migongo.

Kiboko ni mnyama aliyejengwa kwa maji. Ngozi yake haina manyoya wala tezi za jasho kama zetu, hukauka na kupasuka jua likimkuta nje. Badala yake hutoa ute mwekundu ambao wanasayansi wa Japani mwaka 2004 walionyesha kuwa una kemikali mbili zinazokinga miale ya jua na kuzuia bakteria wasimee. Madume hupigana, hutiana majeraha marefu ya meno, na majeraha hayo hupona kwenye maji machafu kwa msaada wa ute huo. Ni kinga ya ajabu. Ila inafanya kazi ikiwa kuna maji ya kutosha kuwatenganisha. Utafiti uliofanywa kwenye Mto Mara umeonyesha kwamba mavi ya viboko yakijazana kwenye madimbwi humaliza hewa ya oksijeni hadi samaki wa chini ya mto wanakufa maji yanapofumka, na kwamba viboko wa dimbwi moja hushirikiana bakteria wa matumboni kupitia maji wanayoogelea. Dimbwi linakuwa tumbo moja. Anayeugua ndani yake haugui peke yake.

Kimeta ndicho ninachokiogopa. Mbegu za bakteria wake hukaa kwenye udongo miaka kwa miaka, na ukame huzifichua: majani yanaisha, wanyama wanalisha hadi kwenye mizizi, maji yanashuka, tope linakorogwa. Bonde la Luangwa nchini Zambia, mwaka 1987, lilipoteza viboko zaidi ya 4,000 kwa mlipuko unaohusishwa na kimeta. Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, ilipoteza takriban 300 mwaka 2004 na 2005. Kwetu, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi tangu mwaka 1993, baada ya maji ya bonde la Usangu kuelekezwa kwenye mashamba ya umwagiliaji. Mwaka 2017 kimeta kikazuka kwa viboko wa Ruaha wakati watafiti walikuwa wamekwisha kuwafunga baadhi yao vifaa vya kufuatilia mienendo kwa setilaiti. Wakaona kwamba kiboko aliyeambukizwa hakai mahali pamoja akafa. Huendelea kutembea, na dimbwi lake likikauka huenda mbali kutafuta jingine. Kwa hiyo ukame hufanya mambo mawili kwa mkupuo: unawakusanya, kisha unawatawanya na ugonjwa wao. Na ugonjwa haukomi kwa viboko. Huko Chama, Zambia, mwaka 2011, watu zaidi ya 500 walishukiwa kupata kimeta, wengi wakiwa wamekula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa. Nyama ya bure kijijini mwezi Oktoba, wakati ghala limebaki tupu, haikataliwi kwa urahisi.

Anayebisha kuwa hali ya hewa inaweza kugeuza ugonjwa wa kawaida kuwa janga, asome yaliyowapata simba wa Serengeti. Mwaka 1994 karibu theluthi moja walikufa kwa virusi vya distempa ya mbwa, ndugu wa sotoka na wa surua, vilivyotokana na mbwa wa vijijini. Kwa muda wengi waliamini virusi vile vilikuwa vikali kupita kawaida. Baadaye damu za zamani zilizohifadhiwa zikapimwa, ikaonekana simba hao walishawahi kuambukizwa distempa miaka mingine bila vifo vya kuonekana. Kilichokuwa tofauti ni ukame mkali uliotangulia. Nyati walidhoofika, kupe wakawafunika, simba wakala nyati wengi na kujazwa vimelea vya damu vya babesia. Distempa ilipofika na kushusha kinga, babesia ikawamaliza. Ngorongoro ilipatwa na hayohayo mwaka 2001. Sasa angalia Katavi: makundi makubwa ya nyati, mto unaokatika, simba wanaovizia kwenye dimbwi la mwisho, na vijiji vyenye mbwa mpakani. Vipande vyote vipo. Kinachokosekana ni mwaka mbaya.

Magharibi zaidi, kwenye misitu ya Ntakata katika Wilaya ya Tanganyika, wapo sokwe. Kwao hatari ni sisi. Mwaka 2006, jirani tu, kwenye hifadhi ya Mahale, ugonjwa wa kifua unaohusishwa na virusi vya binadamu uliua sokwe kadhaa, na ndiyo maana mgeni wa Mahale leo huvalishwa barakoa. Sokwe hana milia dhidi ya mafua yetu.

Ndorobo mwenyewe hajasalimika. Jike huzaa funza mmoja mmoja kila baada ya siku tisa au kumi, kwa hiyo spishi nzima inasimama juu ya uzazi mdogo mno kwa mdudu. Joto likipanda kidogo tu, vifo vinazidi vizazi. Bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, ambako wamehesabiwa kwa miaka mingi, idadi yao imeporomoka tangu miaka ya 1990 kadiri joto lilivyoongezeka. Unguja waliondolewa kabisa: madume waliohasiwa kwa mionzi, waliozalishwa kiwandani Tanga, zaidi ya milioni 8, walimwagwa kwa ndege, na ndorobo wa mwisho akanaswa mwaka 1996. Kisiwa kinaruhusu hilo. Bara, pori likiwa limeungana kutoka Ugalla hadi Rukwa, hilo haliwezekani kwa njia hiyo, lakini shoka na joto vinafanya kazi taratibu. Mfugaji atashangilia, na ana haki. Malale ni ugonjwa wa kuua, hata kama mwishoni mwa 2023 vidonge vya feksinidazoli viliidhinishwa kwa malale ya Afrika Mashariki badala ya sindano ya zamani yenye arseniki. Ila nzi akitoweka, kitu pekee kinachozuia ng'ombe na mkaa kuingia kila kona ya miombo kitakuwa sheria, na sheria ina gharama ambayo nzi hakuwahi kutudai.

Basi tufanye nini? Nakubaliana na wanaotaka chanjo ya mbwa na ng'ombe kwenye vijiji vyote vinavyopakana na hifadhi, kwa sababu sotoka imetuonyesha kuwa mnyama pori hukingwa kupitia wa kufugwa. Maofisa mifugo wa Nsimbo, Mpimbwe na Mlele wapewe kamba za kupimia uzito kwa mzunguko wa kifua, wawafundishe wafugaji kuzitumia. Kamba ni rahisi kuliko dawa itakayoshindwa. Wajapani walipaka milia myeupe kwa ng'ombe weusi mwaka 2019 na kuona nzi wanaouma wakipungua karibu nusu. Nzi wao si ndorobo, lakini chokaa ni ya bei nafuu na jaribio kama hilo lafaa lifanyike Mpimbwe na watu wetu wenyewe.

Hayo yote ni ya pembeni iwapo Katuma itaendelea kukatika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya mazingira mara baada ya maji ya matumizi ya nyumbani, yaani mbele ya kilimo. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa ndiyo inayotoa vibali. Mkulima wa mpunga wa Mwamkulu si adui. Analima kwa sababu mchele unalipa na hajaonyeshwa njia ya kumwagilia kwa maji machache, na fedha za kumjengea mifereji ya saruji isiyovuja ni fedha za kuzuia kimeta sawasawa na fedha za chanjo. Kibali chake kiandikwe kwa kutaja kiasi cha maji kinachotakiwa kupita daraja la Ikuu mwezi Oktoba, na kipimo kisomwe kila wiki. Siku maji yakishuka chini ya kiasi hicho, taarifa isiishie ofisi ya bonde na ya hifadhi. Ifike siku ileile kwa daktari wa mifugo wa wilaya na kwa mganga mkuu, ili vijiji vionywe kuhusu nyama ya mizoga kabla kiboko wa kwanza hajafa.